Kinachopangika na Kisichopangika: Shajara ya Safari ya Abisko Kutazama Nuru ya Kaskazini

Jumapili, 13 Oktoba 2024, Uppsala, Uswidi

Usiku wa Alhamisi dhoruba kubwa ya sumaku iliifikia dunia, na kufikia Ijumaa asubuhi picha za mbingu nyekundu na kijani zilikuwa zimeenea kila mahali, hadi kwenye simu za ndugu zetu Tanga. Leo mama mdogo amenipigia. Amefundisha jiografia ya sekondari tangu ujana wake hadi alipostaafu, na nuru ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza mbinguni usiku karibu na ncha ya dunia, ni somo alilolichora ubaoni kwa chaki za rangi mbele ya wanafunzi wengi bila yeye mwenyewe kuwahi kuiona. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za wagonjwa na za mvua za vuli, alilifikia jambo lake: "Mwanangu, nataka kuja kuiona kwa macho yangu. Lakini sitaki kuja kubahatisha. Nieleze kwanza kipi kinapangika na kipi hakipangiki."

Swali hilo nimelifanya kichwa cha daftari la safari. Kisichopangika ni Jua. Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme, ambao mara nyingi husafiri kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na wakati mwingine hulipuka na kurusha wingu zito la chembe hizo linaloweza kutufikia baada ya siku moja hadi tatu. Hakuna awezaye kusema leo Jua litafanya nini usiku fulani wa mwezi wa pili. Vinavyopangika ni giza, mahali, muda wa kukaa, na namna ya kuulinda mwili usishindwe na baridi wakati macho yanangoja. Nimemwahidi kuvishughulikia kimoja kimoja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jumanne taasisi za Marekani za anga na hali ya hewa, NASA na NOAA, zilitangaza kwamba Jua limeingia katika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Mama mdogo aliisikia habari hiyo redioni kabla yangu, na akaniuliza kama ndiyo sababu ya kuharakisha. Nimemjibu kwamba kilele hicho kina faida kubwa kwa watu wa kusini, ambao huiona nuru siku za dhoruba tu. Atakayekwenda kukaa chini kabisa ya ukanda wa nuru hahitaji dhoruba.

Ukanda huo ni duara linaloizunguka ncha ya sumaku ya dunia, si ncha ya kijiografia, na kwa kuwa ncha ya sumaku imeelemea upande wa Kanada, duara lote limevutwa upande huo. Ndiyo maana mji wa Yellowknife ulioko Kanada, kwenye latitudo ya 62, huwa chini ya nuru karibu kila usiku ulio wazi, ilhali upande wetu wa Ulaya ni lazima mtu apande hadi latitudo ya 67 au 69. Mama mdogo alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema kwamba jambo hilo moja tu lingemtosha kwa kipindi kizima darasani.

Kwa hapa Skandinavia tumepima miji mitatu. Tromsø ya Norwe iko latitudo ya 69 na dakika 39, ina ndege nyingi, ina hoteli nyingi, na bahari yake haigandi, lakini bahari hiyohiyo ndiyo inayoleta mawingu; watu hulazimika kupanda mabasi usiku na kuendeshwa masaa mengi kutafuta mahali palipo wazi. Rovaniemi ya Ufini iko karibu kabisa na mstari wa Aktiki, kwa hiyo ipo kwenye ukingo wa kusini wa ukanda, na taa za mji ni nyingi. Cha tatu ni kijiji cha Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, latitudo ya 68 na dakika 21, kando ya ziwa Torneträsk. Nimekichagua hicho, na sababu yangu ni moja: ukavu wake. Mvua na theluji ya mwaka mzima ikipimwa kwa maji haizidi sana milimita 300, kiwango cha chini kabisa katika Uswidi nzima. Pepo za Atlantiki hupanda milima ya Norwe, huacha maji yake huko, kisha hushuka upande wa mashariki zikiwa kavu na zenye kupata joto, na mawingu huyeyuka juu ya ziwa. Kwa mtu aliyekulia Tanga halina haja ya mchoro. Ni habari ya Usambara na Mkomazi, Amani ikilowa mwaka mzima na nyasi za nyuma ya mlima zikikauka. "Basi ni kivuli cha mvua," akasema mama mdogo. "Twende huko."

Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu naona wengi wanaopanga safari hizi wakichagua mahali kwa kuangalia picha za hoteli zenye paa la kioo, kisha wanailipia anga yenye mawingu kwa bei kubwa. Nuru ipo juu ya mawingu karibu kila usiku huku kaskazini. Kinachotafutwa ni mbingu iliyofunguka.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo tumepanga tarehe. Kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Agosti usiku wa Abisko hauna giza la kutosha, na katikati ya kipindi hicho jua halizami kabisa, kwa hiyo miezi hiyo imetoka. Desemba na mwanzo wa Januari giza lipo tele, lakini jua halichomozi, na mama mdogo anataka mchana aione milima. Machi na Septemba zina sifa njema kwa sababu siku ambazo usiku na mchana hukaribia kulingana, uga wa sumaku wa dunia huupokea upepo wa Jua kwa urahisi zaidi, na nuru huongezeka. Lakini Machi yote inayokuja ni Ramadhani, na hataki kufunga akiwa safarini.

Hapo ndipo alipochukua kalenda yake ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, akanifundisha njia ambayo sijaisoma katika mwongozo wowote wa watalii. Mwezi mpevu huifunika nuru hafifu. Mwezi wa Kiislamu huanza kwa mwandamo, hupevuka tarehe 14 na 15, na siku zake za mwisho hazina mbalamwezi usiku. Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 1 au 2 Machi; basi juma la mwisho la Shaaban ni juma la giza, na mtu huwa amesharudi nyumbani kabla ya kufunga. Nilipolinganisha na jedwali la wanaastronomia nikakuta mwezi mchanga ni tarehe 28 Februari. Hakuna zaidi la kutafuta. Tutapanda treni Jumamosi ya tarehe 22 na kuondoka Abisko Alhamisi ya tarehe 27.

Muda wa kukaa tumebishana kidogo. Alitaka kupunguza siku ili kupunguza gharama. Nimemwonyesha kwamba tiketi ya ndege ndiyo inayokula fedha, na kwamba siku ya nyongeza kwenye hosteli yenye jiko la kujipikia ni bei ndogo sana kuliko kurudi mara ya pili. Mtu akikaa siku moja, wingu moja humharibia safari nzima. Amekubali.

Jumatano, 20 Novemba

Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yamepelekwa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni mwaka huu. Maombi yanaweza kupelekwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Nami namshauri yeyote asisubiri mwisho, kwa maana siku 15 za kusubiri uamuzi ni za kawaida na zinaweza kurefushwa. Bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000. Barua yangu ya mwaliko, taarifa zake za benki na za pensheni, na tiketi ya kurudi, vyote vimewekwa pamoja. Mama mdogo alivipanga kwa mpangilio wa orodha yao, akaweka namba kila karatasi.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Viza ilitoka kabla ya Krismasi. Leo tumezungumza habari ya nguo, na hapa sikutaka kufupisha, kwa kuwa baridi ya kutembea na baridi ya kusimama ni vitu viwili tofauti. Mtu anayengoja nuru husimama palepale kwa saa moja au mbili, damu imepungua kasi, na nyuzi 15 chini ya sifuri humpata kwa ukali ambao mtembezi haujui.

Tabaka la kugusa ngozi liwe la sufu, fulana ya mikono mirefu na suruali yake ya ndani. Pamba haifai, maana hushika jasho na jasho likipoa huuchoma mwili kwa baridi. Juu yake sweta nene, na juu ya sweta koti na suruali vya kuzuia upepo. Mabuti yawe makubwa kuliko kipimo cha kawaida ili yaingie soksi mbili na vidole vibaki na nafasi ya kuchezacheza. Buti linalobana hugandisha vidole hata likiwa la bei gani. Glovu zile zisizotenganisha vidole hutunza joto kuliko zenye vidole, na ndani yake huvaliwa nyingine nyembamba kwa ajili ya kushika kamera. Nguo hizi hakuna sababu ya kuzinunua Tanga wala kuzibeba. Nimekwisha kuzipata za mtumba hapa Uppsala, nyingine nimeazima kwa rafiki, na baadhi zinakodishwa hukohuko Abisko. Yeye nimemwambia abebe tangawizi, karafuu, na chupa ya chai iliyo imara.

Alhamisi, 20 Februari, Uppsala

Mama mdogo amefika jana, amelala vizuri, na leo tumetembea mtaa wa Svartbäcksgatan kuiona nyumba ya Anders Celsius, yule ambaye jina lake tunalitaja kila tunapopima homa. Nyumba hiyo ya manjano imekaa mshazari, haifuati mstari wa mtaa wa leo, kwa hiyo haipotei machoni. Mwaka 1741 Celsius na msaidizi wake Olof Hiorter walikuwa wakiitazama sindano ndefu ya dira hapa mjini, wakagundua kwamba nuru ilipotokea mbinguni sindano iliyumba. Waliwasiliana na George Graham wa London, na ikabainika kwamba tarehe 5 Aprili ya mwaka huo sindano zote mbili, ya Uppsala na ya London, zilitikisika siku hiyohiyo. Ndipo watu walipoanza kuelewa kwamba nuru hii ina uhusiano na sumaku ya dunia nzima, wala si moshi au mvuke wa mahali fulani.

Mama mdogo alisimama barabarani muda mrefu, akatoa mkobani dira yake ndogo ya kutafutia kibla, akaitazama, akairudisha. "Hii nitakwenda nayo Abisko," alisema.

Jumamosi, 22 Februari, njiani

Treni ya usiku imetuchukua Uppsala jioni. Tuna vitanda viwili katika chumba cha watu sita, yeye chini na mimi juu yake. Ndege hadi Kiruna ingetumia saa moja na nusu, lakini mwalimu wa jiografia alitaka kuiona Uswidi ikibadilika latitudo kwa latitudo, na kwa kweli treni ndiyo njia ninayoipendekeza: unalipa usafiri na malazi kwa pamoja. Hadi saa tatu tulikuwa bado dirishani. Misonobari, theluji, taa ya nyumba moja, tena misonobari.

Jumapili, 23 Februari, Abisko

Tumeamka mjini Boden. Baada ya hapo treni inaingia kwenye njia iliyojengwa kwa ajili ya madini ya chuma, inavuka mstari wa Aktiki, inapita Gällivare, na kufika Kiruna, mji ambao kitovu chake kizima kimehamishwa kilomita kadhaa kuelekea mashariki kwa sababu mgodi ulio chini yake unaifanya ardhi ipasuke na kudidimia. Kituoni tulipishana na treni ya madini iendayo bandari ya Narvik: mabehewa 68, urefu wa mita 750 hivi. Mama mdogo aliyahesabu yote hadi la mwisho.

Kutoka Kiruna reli hufuata ukingo wa kusini wa Torneträsk, ziwa lenye urefu wa kilomita 70 hivi, sasa limekuwa uwanja mweupe usio na mwisho. Tulishuka Abisko mchana, upepo ukituchapa usoni, mawingu mazito yamekaa juu ya milima ya magharibi. Kusini-mashariki tuliweza kuiona Lapporten, lile bonde pana lililochongwa na barafu ya kale, mwinuko wake wa kushoto na wa kulia ukikaribia kufanana. Aliitambua kabla sijamwonyesha, maana picha yake ilikuwamo katika kitabu alichofundishia mabonde ya barafu.

Usiku mawingu hayakuondoka. Tulitoka mara mbili, tukarudi. Saa tano nilimsihi alale.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi tumekwenda dukani kijijini, tukarudi na samaki, viazi, vitunguu na maziwa. Jua limechomoza kama saa moja na nusu na litazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mchana unatosha. Tulitumia muda huo kufanya jambo ambalo kila mgeni angepaswa kulifanya: kuchagua mahali pa kusimama kukiwa bado na mwanga. Tuliteremka kwa njia iliyoshindiliwa hadi ukingoni mwa ziwa, tukapata sehemu yenye kichaka cha mibetula cha kukinga upepo wa magharibi, isiyo na taa ya nyumba mbele yake, na yenye uwazi upande wa kaskazini kuvuka ziwa lote. Tulihesabu hatua kutoka mlangoni. Usiku, mtu akiwa na taa ndogo ya kichwani yenye mwanga mwekundu, hawezi kupotea, na macho yake hayapotezi uzoefu wa giza, ambao huchukua nusu saa kukamilika.

Jioni upepo umetulia. Kufikia saa mbili usiku kipande cha mbingu kilikuwa kimefunguka juu ya ziwa, ilhali magharibi, upande wa Norwe, ukuta wa mawingu ulibaki palepale. Kivuli cha mvua kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yetu.

Saa tatu na dakika kumi nililiona jambo ambalo mgeni hulipita bila kulijali: mstari wa kijivu, mpana, unaotoka mashariki kwenda magharibi, chini chini upande wa kaskazini. Nililidhania wingu, lakini nyota zilionekana kupitia ndani yake. Niliweka kamera kwenye stendi, lenzi pana iliyofunguliwa kabisa, sekunde nane, na kwenye kioo cha kamera mstari ule ukatoka kijani. Mama mdogo alitazama kioo, akatazama mbingu, akauliza kwa nini jicho lake linaonyesha kijivu. Jicho lina chembe za aina mbili. Zile zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi, na zile za rangi huhitaji mwanga mwingi zaidi. Kamera hukusanya mwanga wa sekunde nane kwa pamoja, jicho halikusanyi. Hili lielezwe mapema kwa kila anayepanga safari, maana wako wanaorudi wamevunjika moyo kwa kuwa walizingoja rangi za picha.

Upinde ule ulikaa kimya kwa karibu saa nzima, kisha ukafifia. "Nimeiona," alisema mama mdogo, akaandika saa na mwelekeo kwenye daftari lake. Hakuridhika, nami pia.

Jumanne, 25 Februari

Mchana tulifikiria kupanda kiti cha kuning'inia kwenye kamba kinachofika kituo cha mlima Nuolja, mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako wageni wengi hulipa kwenda kuitazama nuru. Tumeamua kutokwenda. Ziwa liko mita 341, kwa hiyo tungejongea juu kwa chini ya mita 600, ilhali nuru yenyewe huanza kilomita 100 angani; tofauti hiyo haisogezi kitu. Kituo kile kina faida siku ambayo ukungu umelala bondeni, na mandhari yake ni nzuri, lakini kiti kiko wazi kwa upepo zaidi ya dakika 20, na magoti ya mama mdogo yana historia.

Badala yake tulikwenda matembezi mafupi na mwongozaji Msami, wa jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini, ambaye ukoo wake hufuga kulungu wa kaskazini upande wa pili wa ziwa. Alituwashia moto, akatupikia kahawa, na alipoulizwa habari ya nuru alijibu taratibu kwamba bibi yake aliwakataza kuipigia mluzi, kwamba walifundishwa kunyamaza inapocheza na kuwaingiza watoto ndani. Mama mdogo alitikisa kichwa kwa kuafiki. Kwao pia, alimwambia, watoto walikatazwa kupiga mluzi usiku. Waliendelea kuzungumza, nami nikiwatafsiria, hadi kahawa ikapoa.

Usiku mawingu mepesi yalifunika kila kitu, na nuru ikawa doa la kijani hafifu lisilo na umbo. Hakuna la kuandika zaidi.

Jumatano, 26 Februari

Tangu asubuhi nilimkataza mama mdogo kukitazama kielezo cha Kp, ile namba ya 0 hadi 9 ambayo programu zote za simu huiweka mbele. Kp ni wastani wa saa tatu kwa dunia nzima; Kp 7 ni habari kwa watu wa Uppsala, lakini chini ya ukanda hata 2 hutosha. Vitu viwili ndivyo vya kutazamwa hapa. Cha kwanza ni ramani ya mawingu. Cha pili ni takwimu za setilaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua: zikionyesha kwamba uga wa sumaku ulioletwa na upepo wa Jua umegeukia kusini, mlango wa dunia hufunguka, na kati ya nusu saa na saa moja baadaye mbingu inaweza kubadilika. Taasisi ya Fizikia ya Anga ya Uswidi, iliyoko Kiruna, nayo huonyesha mchoro wa sumaku ya hapahapa dakika kwa dakika.

Saa moja na nusu jioni uga ule ukageuka kusini na ukabaki huko. Tukavaa. Nyuzi 17 chini ya sifuri, hakuna upepo, hakuna mwezi, hakuna wingu hata moja kutoka Lapporten hadi ng'ambo ya ziwa.

Mwanzoni ulikuwa upinde uleule wa Jumatatu, safari hii juu zaidi na wa kijani dhahiri kwa macho matupu. Ulikaa. Upinde wa pili ukajitokeza kusini yake, na ule wa kusini, ghafla, ukang'aa upande wake wa mashariki. Mng'ao ukakimbia kuelekea magharibi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, ukingo wa chini ukageuka waridi, na upinde mzima ukavunjika mikunjo mikunjo iliyokuwa ikijisokota na kujifungua juu ya vichwa vyetu. Mionzi ikawa inashuka kutoka sehemu moja ya utosini kwenda pande zote. Theluji yote ya ziwa ikawa na rangi. Niliuona uso wa mama mdogo waziwazi, na kivuli chake chini. Alikuwa anasema "Subhanallah" bila kukoma, kwa sauti ya chini, na mikono yake ameishika pamoja kifuani ndani ya zile glovu kubwa.

Mimi niliiacha kamera. Nilikuwa nimeshaamua hivyo tangu Januari, kwamba nuru ikifika utosini nitatazama, kwa kuwa picha nzuri za jambo hili zipo tayari maelfu.

Ilipotulia kidogo akakumbuka dira. Aliiweka juu ya kisiki, akapiga magoti kwenye theluji, akaimulika kwa taa nyekundu. Tulitazama kwa muda. Sindano ile fupi ya dira ya kibla haikutuonyesha mtikisiko ambao tungeweza kuapa juu yake. Hiorter alikuwa na sindano ndefu na meza imara. Lakini kwenye simu mchoro wa Kiruna ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya nanotesla 300 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na mwanzo wa poromoko hilo ulilingana na saa aliyoiandika daftarini. "Inatosha," alisema. "Vinasema kitu kimoja."

Kisha akaniuliza maswali ya mwalimu. Kwa nini kijani nyingi? Kwa sababu elektroni zinapogonga atomi za oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150, atomi hizo hutoa mwanga wa kijani katika muda wa chini ya sekunde moja. Na wekundu wa juu kabisa, tuliouona hafifu ukingoni? Ni oksijeni hiyohiyo, lakini mwanga wake mwekundu huchukua karibu dakika mbili kutoka, na huku chini atomi hugongana na wenzake kabla ya muda huo kutimia. Hutoka tu kilomita 200 na zaidi, ambako hewa ni chache. Waridi ya ukingo wa chini ni nitrojeni. Aliandika yote, wino wa kalamu ukagoma kwa baridi, akaendelea na penseli.

Baada ya saa nne usiku mikunjo iliisha, mbingu ikabaki na mabaka yanayowaka na kuzimika kwa zamu, kila baka na mwendo wake. Tulikunywa chai yote. Mawimbi mengine mawili yalikuja kabla ya saa saba, madogo kuliko la kwanza. Tukaingia ndani kwa sababu ya vidole vya miguu, si kwa kuchoka kutazama.

Alhamisi, 27 Februari, kwenye treni

Tumeondoka mchana. Pale Kiruna waliingia kijana na mkewe kutoka Ujerumani, wakakaa mbele yetu. Walikuwa wamepanga kulala Kiruna usiku mmoja tu, jana, na mji ulifunikwa na wingu la chini tangu jioni hadi alfajiri. Hawakuona hata nyota. Sisi tulikuwa mwendo wa chini ya kilomita 100 kutoka kwao.

Mama mdogo alifungua daftari, akawaonyesha jedwali lake la saa na mielekeo, akawachorea milima, pepo na ziwa, akaweka alama mahali wingu linapoyeyuka. Kijana alipiga picha ukurasa ule. Walipouliza lini wajaribu tena, mama mdogo alihesabu vidoleni miezi ya Kiswahili kuanzia Mfungo Mosi, akasema mwisho wa Mfungo Sita, nami nikakuta kwenye simu kwamba mwezi mchanga ni tarehe 21 Septemba, siku moja kabla ya usiku na mchana kulingana. Ziwa wakati huo halijaganda, baridi si kali, na mabuti ya kawaida yanatosha. Yule mke akaanza kutafuta tiketi palepale, na mama mdogo akamwambia achukue siku nne asichukue chini ya hapo.